Betri Tatu za Mama Neema

Wacha nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi. Kuna mama alikuja gereji ameshika kitabu cha gari yake, kidole kiko kwa ukurasa wenyewe, mstari wenyewe, jibu lenyewe. Akaniambia, fundi, soma hapa. Na mimi nikakisukuma kile kitabu kando kama mtu amewekewa mboga ya jana, nikamwambia vitabu vya magari vimeandikwa na watu wa kuuza magari. Sababu ya kweli sikusema. Ile Kiingereza ilikuwa ya herufi ndogo na maneno marefu, na mimi nikisoma maneno ya hivyo lazima midomo itembee. Sikutaka mama anione midomo ikitembea. Basi, ni hiyo tu. Kwa sababu ya midomo yangu mtu karibu apoteze kazi, na bibi mmoja mzee akalala sakafuni.

Nyinyi vijana mliobaki na meza yangu ya kazi mliniambia, siku ile ya kukata keki ya kustaafu kwangu, niwaandikie mambo ya zamani. Mlitaka vichekesho. Viko, msijali, mimi mwenyewe ni kimoja. Lakini nikikaa chini hapa nyumbani Kingstanding, chai mkononi, kitu kinachokuja kwanza ni hasira, na mtaila pamoja na keki.

Ya vyeo na mshahara sitaandika. Cheo changu kilikuwa fundi nikiingia na fundi nikitoka. Mshahara muulize mke wangu, yeye ndiye aliuona.

Shule niliacha Form Two, ama tuseme shule iliniacha mimi, maana nilikuwa bado nimekaa darasani wakati jina langu liliondolewa kwa daftari. Nikaingia jua kali Nakuru, nikalala chini ya magari ya watu mpaka nikajua sauti ya kila moja. Halafu mke wangu, ambaye ni nesi, akapata kazi Birmingham, na mimi nikafuata nyuma nikiwa nimebeba spana zangu kwa shuka. Uwanja wa ndege walizipima wakaniuliza kama mimi ni mwanajeshi.

Gereji mnaijua: ile ya nyuma ya Stratford Road, Sparkhill, unaingilia kando ya duka la nguo za harusi. Siku ya kwanza bosi alinipa gari iliyokataa kuwaka. Nikafanya vile tulifanya Nakuru. Nikachukua bisibisi, nikagusisha vichwa viwili vya betri, cheche ikaruka kama fataki, nikamwambia bosi kwa furaha, betri ni nzuri. Mafundi wote wakaruka nyuma. Kwa kona akatoka mzee mmoja aliyezaliwa Jamaica na kuzeekea Birmingham, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akaninyang'anya bisibisi taratibu, akaifungia kwa droo yake na kufuli, na hakunirudishia mpaka Jumatatu iliyofuata. Huyo ndiye Trevor. Ndiye mwalimu wa pekee ambaye hakuwahi kuniuliza nilifika darasa gani.

Trevor alikuwa na kipimo cha betri cha zamani, kisanduku cha chuma chenye mshikio wa mbao. Unakishika kwa betri, kinakula umeme kwa sekunde kumi, kinapata joto kama pasi, na mshale unakuambia betri ina nguvu au inajifanya. Tulikiita tosta, kama ile ya kuchoma mkate. Siku za baridi kali nimewahi kupashia mikono joto hapo, Mungu anisamehe. Trevor akaniachia hiyo tosta alipostaafu. Aliniachia pia neno moja ambalo nilikuwa nikilicheka: kabla ushike spana, vaa miwani. Yeye kila gari aliifungulia kitabu kwanza, hata gari ambayo ameitengeneza mara mia. Mimi nilidhani ni uzee. Nilichukua tosta, miwani nikaiacha.

Sasa twende kwa hii start-stop. Mara ya kwanza kukutana nayo sikutambulishwa. Nilikuwa nimetoa gari ya mteja kuijaribu Stratford Road, saa ya watoto kutoka shule, mabasi yamefuatana. Nikasimama kwa mataa. Injini ikazima, kimya. Nikasema haya, nimeua gari ya watu. Nikawasha taa za dharura, nikashuka, nikafungua boneti hapo katikati ya barabara, nikaanza kutingisha nyaya. Mataa yakawa kijani, yakawa nyekundu, yakawa kijani. Dereva wa basi nyuma yangu akafungua dirisha lake, akanitazama kwa huruma, akaniambia, ndugu, hiyo gari haijakufa, inakungojea wewe. Nikiwa nimevaa ovaroli imeandikwa jina la gereji mgongoni, kubwa, hadi abiria wa ghorofa ya juu wasome.

Mngedhani mtu akiaibika hivyo ataenda kusoma. Mimi nilienda kuchukia. Kuanzia hapo, kila mteja akiuliza juu ya start-stop, yaani huko kujizima ukisimama na kujiwasha ukitaka kuondoka, nilimwambia ni upuzi, inamaliza stata, inamaliza injini, finya kile kitufe chenye herufi A uizime. Nilisema kwa sauti kubwa, na mnajua mtu ambaye hajui kitu huwa na sauti.

Wacha niwaambie vile ningetakiwa kusema, kwa sababu bado nasikia baadhi yenu mkirudia upuzi wangu kwa wateja na nataka kuwachapa. Stata ya hizo gari imetengenezwa kwa hiyo kazi, ni ngumu zaidi ya ile ya kawaida. Injini pia, vyuma vyake vimepakwa kitu cha kuvumilia kuamshwa mara nyingi. Injini haitawaka vibaya kwa sababu ilipumzika kwa mataa. Kinachoteseka ni betri. Betri ya kawaida ni kama mtu wa kubeba gunia moja zito asubuhi, halafu anakaa siku nzima akilishwa. Start-stop inamwamsha kila mataa: beba, weka, beba tena. Na wakati injini imelala, taa, waipa, feni ya joto, redio, vyote vinakula kwake yeye. Ndio maana hizo gari hutoka kiwandani na betri ya aina yake. Nyingi zina zile herufi AGM kwa lebo, na ndani asidi haichezi kama maji kwa ndoo, imeshikwa na kitambaa cha nyuzi za kioo. Unaweza kuichosha kila siku na ikaamka. Ile ya kawaida ukiichosha hivyo, miezi michache tu, inageuka jiwe.

Ubaya ni kwamba zote mbili zinatoshana. Urefu uleule, vichwa palepale. Na bosi wetu alikuwa na msemo, mmeusikia wote: kama inaingia, inafaa. Rafu ilijaa za kawaida kwa sababu ndizo mteja anazifurahia akisikia bei. Mteja haambiwi kuna nyingine. Tulikuwa tunamfungia mtu betri ya kufa, tunafuta mikono, tunamwambia safari njema. Nikikumbuka ile rafu nataka kurudi hapo na nyundo. Lakini mkono uliokuwa ukitoa betri kwa rafu ulikuwa wangu, kwa hiyo sijui nyundo ningeanza kumpiga nani.

Mama Neema ni jirani yangu hapa Kingstanding, nyumba ya tatu. Ni wa Bukavu, Kongo. Walikuja kama wakimbizi, hajui neno moja la Kiingereza, akajifunza akisikiliza redio akipika, akaingia kazi ya kutunza wazee majumbani. Wazee wake walikuwa Sutton Coldfield, nyumba sita au saba asubuhi, kila nyumba dakika chache kutoka nyingine. Huyu anaamshwa, huyu anaogeshwa, huyu anapewa dawa. Bila gari hiyo kazi hakuna, iliandikwa kwa mkataba wake. Bibi mmoja wa huko alikuwa hawezi kutoka kitandani bila mtu, na alikataa chai ya kila mtu isipokuwa ya Mama Neema. Mama Neema alikuwa akimwita mama yangu wa Sutton.

Kanisani kwetu, ibada ya Kiswahili ikiisha, kulikuwa na kliniki yangu. Watu wanatoka na Biblia mkono mmoja na ufunguo wa gari mkono mwingine, wananipanga foleni kwa parking. Hapo ndipo Mama Neema alinionyesha gari yake, ndogo, ya kijivu, mitumba safi kabisa. Betri iliyotoka nayo ilikuwa imezeeka. Akaileta gereji, nikamfungia mpya kutoka ile rafu. Betri ya kwanza.

Sasa fikirieni hiyo gari. Asubuhi ya baridi, taa ziko, feni ya joto iko, waipa ziko, anaendesha dakika tano, mataa mawili, anazima. Anawasha, dakika nne, anazima. Hiyo betri haikuwahi kushiba hata siku moja. Baada ya miezi michache akaniambia kitu kwa furaha, kwamba gari imeacha ile tabia ya kuzima kwa mataa. Nikamwambia, mshukuru Mungu. Nyinyi andikeni hii kwa ukuta: start-stop ikiacha kufanya kazi yenyewe, haijapona. Gari inaona betri imechoka inaogopa kuzima. Inalia. Mimi niliisikia ikilia nikasema amina.

Asubuhi moja haikuwaka kabisa, akachelewa kazini. Onyo la kwanza. Ndiyo siku alikuja na kile kitabu. Alikuwa amekisoma kwa gari, katikati ya mzee mmoja na mwingine, akila mkate.

"Fundi, soma apa," akaniambia. "Banasema betri mupya iwe sawa na ile gari ilizaliwa nayo. Ile ilikuwa na hizi herufi tatu. Yako haina."

Hapo ndipo nikakisukuma, na nikasema yale maneno yangu ya watu wa kuuza. Nikaongeza kwamba magari nimeyajua kabla yeye hajajua kuendesha baiskeli. Vijana wawili walikuwa karibu, wakacheka. Nilifurahi walivyocheka.

Alifunga kitabu. "Bon," akasema. "Ni wewe fundi."

Nikatoa nyingine kwa rafu, ya kawaida vilevile. Betri ya pili. Na ile kompyuta ya gari, ambayo inatakiwa iambiwe kwamba betri imebadilishwa ndio ijue namna ya kuilisha, sikuiambia kitu. Kompyuta ya gereji ilikuwa na Kiingereza pia.

Ilipoanza kusumbua, nilifanya kitu kibaya zaidi. Nilimwambia ni yeye. Nilimwambia anaacha redio, anaacha taa ya ndani, akina mama mna haraka. Akaapa haachi kitu. Mume wake akaanza kwenda kuchungulia dirisha la gari kila jioni akidhani mkewe amesahau, na nasikia walikosana kwa hiyo. Nimewahi kukosanisha watu kwa mdomo, lakini kwa betri ilikuwa mara ya kwanza.

Halafu nikaleta ujuzi wa Nakuru. Nyumbani gari ikimaliza betri tulikuwa tunatoa waya wa hasi ikilala, asubuhi tunarudisha. Nikamletea Mama Neema zawadi, spana namba kumi, nimeifunga utepe mwekundu kama ya harusi. Nikamfundisha: ukifika nyumbani jioni, fungua boneti, toa huu waya, asubuhi rudisha, kaza. Na yeye akafanya hivyo kila siku, kwa mvua ya Birmingham, na yunifomu yake nyeupe, na mikono yake ambayo siku nzima imeinua wazee.

Na kumbe ikasaidia! Hiyo ndiyo ilinimaliza, kwa sababu ilinipa kiburi. Sasa najua kwa nini. Kwa ule waya kuna kidude kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiutoa, kinasahau kila kitu, na mpaka kijifunze tena gari haithubutu kuzima kwa mataa. Kwa hiyo kila asubuhi start-stop ilikuwa imelala usingizi, na betri yangu mbaya ikapata nafuu. Nilikuwa nimeipiga gari nyundo ya kichwa nikasema imetulia. Kanisani nilijigamba, mnajua nilivyo. Nikasema teknolojia yote ya Ulaya imeshindwa na spana moja ya Mkenya.

Lakini bado kulikuwa na asubuhi inakataa, akachelewa tena. Onyo la pili. La tatu lingekuwa la kwenda nyumbani. Shangazi yake akasema gari ina pepo, ilinunuliwa kwa mtu asiyejulikana. Jumapili moja pasta akatangaza, ibada ikiisha, kanisa lote likatoka kwa parking kuiombea. Waliweka mikono kwa boneti, kwa paa, kwa magurudumu. Wakenya wakiomba polepole, Wakongo wakikemea. Kabla waanze, pasta akanigeukia mbele ya wote.

"Fundi, wewe umeangalia kila kitu?"

"Kila kitu, pasta."

Na wakaomba. Watu wazima, waliotoka shift ya usiku bila kulala, wakakemea betri ambayo mimi niliitoa kwa rafu kwa mkono huu. Nami nilikuwa hapo, macho nimefunga, nikisema amina kwa nguvu kuliko wote. Hapo nikikumbuka sijichekei, na mnajua mimi hujichekea kwa kila kitu.

Pasta alipomaliza alimwambia Mama Neema atembee kwa imani. Na mama wa imani akaona, kama gari imeombewa, kuendelea kutoa waya kila jioni ni kumwambia Mungu kwamba hamwamini. Akaweka ile spana kwa droo ya jikoni. Siku chache zikapita, kile kidude kikajifunza, na gari ikaanza tena kuzima kwa mataa na kuwaka, kuzima na kuwaka. Jumapili iliyofuata akasimama kutoa ushuhuda. Akasema gari imepona kabisa, imerudia hata ile akili yake ya kiwandani. Kanisa likapiga makofi. Mimi pia.

Jumanne, mvua inanyesha, akielekea kwa bibi wake wa Sutton, alisimama kwa mataa. Injini ikazima kama kawaida. Mataa yakawa kijani. Haikuwaka. Betri ya pili ilikuwa imefia hapo, taa zote zikazimika, hata za dharura hazikuwaka. Alipiga simu ofisini, akaambiwa asubiri. Akanipigia mimi. Nilikuwa chini ya gari, simu iko kwa koti, sikuisikia. Kule nyumbani bibi alingoja, akangoja, akaamua kujaribu kuamka mwenyewe. Akaanguka kwa zulia. Alikaa hapo mpaka ofisi ikapata mtu mwingine wa kutuma. Mfupa haukuvunjika. Lakini alikuwa ameita jina la Mama Neema, huyo aliyemkuta ndiye alisema.

Gari ikaletwa gereji kwa lori. Nikakamata ile tosta ya Trevor nikaishika kwa betri na mshale ukaanguka sifuri, haukujaribu hata kupanda. Betri ya miezi michache. Na Mama Neema hakuwa na redio, alikuwa ameshaitoa kabisa kwa sababu yangu, tundu lilikuwa wazi hapo kwa dashibodi. Nikalitazama hilo tundu muda mrefu.

Saa ya chai, nyinyi mlikuwa mmekaa nje na samosa zenu, mimi niliingia kwa hiyo gari, kiti cha abiria, nikafunga milango. Kitabu kilikuwa pale kwa droo ya mbele. Ule ukurasa ulikuwa na alama ya siagi. Nikavaa miwani ambayo huwa nawaambia ni ya kuendesha, nikasoma, midomo ikitembea. Nusu ukurasa ilinichukua chai nzima. Yote yalikuwa pale. Betri ya aina ileile. Kompyuta iambiwe. Usitoe waya ovyo. Ukitumia chaja, klipu ya hasi ishike kwa chuma cha bodi, sio kwa kichwa cha betri, ili kile kidude kihesabu. Hata hiyo nilikuwa nikikosea.

Nilienda kwa bosi nikamwambia, hii gari inataka AGM, na ilitaka tangu mwanzo. Akasema agiza basi, kwani iko nini. Nikamwambia mtu anafukuzwa kazi. Akaniambia, bila ubaya hata kidogo, kwamba kila gereji ya hii barabara inafanya hivyo. Sijui kama kuna maneno yamewahi kunikasirisha hivyo, na nimeoa miaka mingi. Yalinikasirisha kwa sababu wiki moja nyuma ningeyasema mimi. Kesho yake betri ya tatu ikaja. Nikaifunga, nikaandikisha kwa kompyuta nikisoma kila neno kwa sauti, na kijana aliyecheka mara ya kwanza akacheka tena. Nikamwambia acheke, lakini ashike kitabu niendelee.

Mama Neema aliitwa ofisini kujieleza. Alikuwa ameruhusiwa kuja na mtu mmoja. Nilimwomba nije mimi. Akaniambia kwa simu niwe hapo saa nne.

Nikavaa suti ya harusi ya binti yangu, inanibana. Meneja alikuwa kijana mwenye kompyuta ndogo mbele yake. Alianza kwa kusema wafanyakazi wote huwa na gari mbovu siku wakichelewa. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikaimeza, maana haikuwa zamu yake bado. Nikamwambia mimi ni fundi wa hiyo gari. Mara mbili nimeweka betri isiyofaa gari yake, halafu nikamwambia huyu mama kosa ni lake. Akaniuliza kama kulikuwa na namna yoyote mwenye gari angejua. Hilo ndilo swali. Ningesema hapana, ingekuwa rahisi kwangu, na yeye pia angepona. Lakini nilikuwa nimechoka kumfanya huyu mama mjinga.

Nikamwambia, alijua. Aliniletea kitabu, akanionyesha mstari, nikakataa kusoma. Nikakitoa kitabu kwa koti. Meneja akanyoosha mkono akichukue, nikamwambia ngoja. Nikavaa miwani, nikamsomea ule mstari mwenyewe, kwa Kiingereza, kutoka mwanzo hadi nukta. Polepole. Neno moja nilirudia mara tatu. Meneja aliangalia saa yake. Mama Neema aliangalia meza. Midomo yangu ilitembea yote, juu na chini, mchana kweupe, na hakuna aliyecheka.

Kazi ilibaki. Yale maonyo mawili yalifutwa. Bibi wa Sutton hawakumrudishia, walisema ameshazoea mtu mwingine, na Mama Neema akapewa wazee wa upande mwingine. Nasikia bibi hajanywa chai vizuri hadi leo. Hiyo hakuna betri itakayoirekebisha, na ndiyo maana, vijana, nikiona mtu anatoa betri kwa rafu bila kufungua kitabu, sauti yangu hupanda na mnasema mzee amekuwa mkali.

Tulitoka nje kwa parking, mvua imekatika. Gari yake ikawaka mara moja. Niliinama kwa dirisha kumwomba msamaha, nilikuwa nimeupanga vizuri, una hadi mzaha katikati. Akanikatiza.

"Fundi," akasema, "ule siku ungeniambia tu kama kile Kingereza kinakushinda, ningekusomea. Mi pia midomo yangu inatembeaka."